Fedha ya mpunga isiishe kabla hujakata bima ya familia

Kuanzia Mei hadi Julai, fedha huonekana Idodi. Mpunga unakuwa umevunwa, wanunuzi wanapita na malori katika barabara ya Iringa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na nyumba nyingi zinashika kwa mkupuo kiasi ambacho hakitaonekana tena hadi msimu mwingine. Hapo ndipo bati linanunuliwa, sare za shule zinashonwa, deni la mbolea linalipwa na anayeweza anaongeza pikipiki.

Magonjwa hayafuati ratiba hiyo. Mvua huanza kukolea Desemba, maji yanatuama mashambani, mbu wanaongezeka na kazi za shamba zinawaweka watu wazima nje kutwa nzima. Januari na Februari, wakati gunia la mwisho limeshauzwa na jipya bado ni mche, ndiyo miezi ambayo mzazi anashtuka usiku mtoto anachemka homa. Baba yuko kwenye majaruba, mama ana simu yenye salio la kupiga tu, na bodaboda anataka alipwe kwanza.

Tofauti ya miezi hii miwili ndiyo sababu ya kuzungumzia bima ya afya sasa, wakati fedha bado ipo, badala ya kusubiri siku ya kuitafuta. Wazazi wengi wa Iringa vijijini na Mbeya wanaijua bima kwa jina. Wengine waliwahi kuwa na kadi ya CHF, wakaenda zahanati, wakaambiwa dawa hakuna, wakaapa kutorudia. Makala hii inaeleza bima inavyofanya kazi pande zote mbili za dirisha, upande wa mzazi na upande wa mhudumu, ili familia iamue ikiwa inajua inachonunua.

Tulikotoka

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, matibabu katika vituo vya Serikali yalitolewa bure. Mwaka 1993 Serikali ilianza utaratibu wa kuchangia gharama, ukianzia hospitali kubwa na baadaye kushuka ngazi za chini. Watu wakaanza kulipia kadi, kipimo na dawa, kila mara wanapougua.

Ili kuwapunguzia mzigo watu wa vijijini, ambao hawana mshahara wa kukatwa kila mwezi, Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio mwaka 1996 katika Wilaya ya Igunga, mkoani Tabora. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2001. Mwaka huohuo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ulianza kuhudumia watumishi wa umma. Mtumishi hukatwa asilimia tatu ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia tatu nyingine. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya msingi na mkulima wanaokaa nyumba zinazotazamana walikuwa na bima mbili tofauti kabisa.

CHF ya mwanzo ilikuwa na udhaifu ambao wazee wa vijiji wanaukumbuka. Kadi ilimfunga mwanachama kwenye kituo alichoandikishwa au ndani ya halmashauri yake. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda hospitali, kadi ilibaki mfukoni na fedha taslimu ndiyo ikatumika. Zaidi ya hapo, mhudumu wa zahanati ndiye aliyeandikisha wanachama, ndiye aliyepokea mchango na ndiye aliyetoa huduma. Hapakuwa na mtu wa tatu wa kuuliza fedha imekwenda wapi.

Mwaka 2018 CHF iliyoboreshwa ilianza kutekelezwa nchi nzima, baada ya kujaribiwa kwanza Dodoma na mikoa mingine michache. Uandikishaji ulihamia kijijini kwa maofisa waandikishaji wanaotumia simu, taarifa za kaya zikaingia kwenye mfumo wa kompyuta, na mwanachama akaruhusiwa kufuata rufaa kutoka zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Serikali nayo iliweka utaratibu wa kuongeza fedha juu ya michango ya wananchi, ule uliozoeleka kwa jina la tele kwa tele.

Pamoja na hayo yote, wakati muswada wa bima ya afya kwa wote ukijadiliwa, takwimu za Serikali zilionyesha kuwa Watanzania wenye bima ya aina yoyote walikuwa takriban asilimia 15 tu. Maana yake, katika kila familia saba, sita zilikuwa zinategemea mfuko wa shati.

Hesabu ya kaya ya watu sita

Katika CHF iliyoboreshwa, kaya ya watu wasiozidi sita ilikuwa ikichangia Sh30,000 kwa mwaka, isipokuwa Dar es Salaam ambako kiwango kilikuwa juu zaidi. Ukiigawa kwa watu sita ni Sh5,000 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Ukiigawa kwa miezi ni Sh2,500 kwa familia nzima kila mwezi.

Kwa namba hizo bima inaonekana rahisi. Ugumu wake ni kwamba mchango hulipwa kwa mkupuo, na mtu anayelipa hajaumwa. Anatoa fedha leo kwa jambo ambalo huenda lisitokee. Ndiyo maana wengi husubiri mpaka mtoto augue, kisha wakakimbilia kuandikishwa.

Mfuko wowote wa bima unaojaa watu wanaoingia wakiwa wagonjwa huishiwa. Mfano wake ni Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyokuwa ikilipiwa Sh50,400 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Machi 2023 NHIF ilisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kuelekeza watoto waandikishwe kupitia shule au pamoja na familia. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba wazazi wengi walikuwa wakimsajili yule mtoto anayeumwa peke yake, huku ndugu zake wazima wakibaki nje, hivyo matumizi yakawa makubwa kuliko michango. Wazazi walilalamika sana, na kwa mwenye mtoto wa selimundu au moyo malalamiko hayo yalikuwa na uzito. Lakini hesabu ya mfuko nayo ilikuwa ya kweli: wazima ndio wanaomchangia mgonjwa, na mwaka unaofuata nafasi zinabadilishana.

Watu wa Idodi hawahitaji kufundishwa jambo hili upya. Kikundi cha kuweka na kukopa hufanya kazi vilevile. Mfuko wa jamii wa kikundi humsaidia aliyefiwa kwa sababu wenzake kumi na tisa hawakufiwa mwezi huo. Kama kila mwanachama angejiunga siku ya msiba wake, sanduku lingekuwa tupu.

Nani aandikwe kama mko zaidi ya sita

Familia zetu nyingi hazikai watu sita. Tuchukulie kaya ya mfano: baba, mama, watoto watano wenye umri kati ya mwaka mmoja na miaka 15, bibi mzaa baba mwenye miaka 68, na mtoto wa marehemu shangazi anayesoma darasa la nne. Hao ni watu tisa. Mzazi anauliza, niandike nani, nimwache nani?

Jibu linaanzia kwenye misamaha ambayo tayari ipo kisera. Katika vituo vya umma, watoto chini ya miaka mitano na wajawazito wanatakiwa kuhudumiwa bila malipo. Wazee wenye umri wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo nao wana msamaha, na halmashauri hutoa vitambulisho vyao vya matibabu. Wapo pia wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu, ukoma na maambukizi ya Virusi vya Ukimwi, ambao matibabu ya maradhi hayo ni bure.

Kwa kaya yetu ya mfano, bibi afuatiliwe kitambulisho cha wazee kupitia ofisi ya mtendaji wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii. Mtoto wa mwaka mmoja anahudumiwa kwa msamaha wa chini ya miaka mitano. Wanabaki saba. Nafasi sita zinaweza kuchukuliwa na mama, watoto wanne wakubwa na yule yatima, huku baba akijiandikisha katika kaya ya pili pamoja na ndugu wengine wa ukoo ambao nao wamezidi kwenye kaya zao, kama utaratibu wa uandikishaji unaruhusu.

Mpangilio huu una kasoro moja ya kuangalia. Msamaha unamwondolea mzazi malipo, lakini haumhakikishii dawa. Zahanati ikiwa imeishiwa, mwenye msamaha na mwenye kadi wote huandikiwa wakanunue dukani. Kwa hiyo familia yenye uwezo wa kulipia kaya mbili inafanya vizuri zaidi kumwandika kila mtu, bibi na kichanga wakiwamo.

Kundi linalosahaulika zaidi ni watoto wa miaka mitano hadi 18. Hawana msamaha wa umri, na ndio wanaovunjika mikono mitini, wanaoumwa na nyoka machungani na wanaolala bweni mbali na nyumbani. Mtoto anayesoma sekondari ya bweni apewe nakala ya kadi au namba yake ya uanachama, na nyingine abaki nayo mlezi wa bweni. Kadi iliyofungiwa kwenye sanduku la mama kijijini haimsaidii mtoto aliyelazwa akiwa shuleni.

Kwa usajili, cheti cha kuzaliwa hurahisisha mambo. Mpango wa RITA wa kusajili watoto chini ya miaka mitano umefika mikoa ya Mbeya na Iringa, na usajili hufanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Mama anapompeleka mtoto kliniki, amalize na hilo safari hiyohiyo.

Fuata njia ya rufaa

Kadi ya bima hufanya kazi kwa ngazi. Mgonjwa huanzia zahanati ya kijiji au kituo cha afya. Kikishindikana kitu pale, mganga huandika rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya wilaya. Kwa miaka mingi wananchi wa Iringa vijijini wamekuwa wakihudumiwa Hospitali ya Tosamaganga, ya Kanisa Katoliki Jimbo la Iringa, ambayo iliteuliwa kufanya kazi ya hospitali ya wilaya. Juu yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, mjini. Juu zaidi ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia Nyanda za Juu Kusini, na ngazi ya mwisho ni Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa CHF iliyoboreshwa, njia hiyo huishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Mgonjwa akihitaji kwenda Mbeya au Muhimbili, kadi hiyo haimfikishi. Mzazi alijue hili mapema, hasa mwenye mtoto mwenye maradhi ya kudumu. Kwa mtoto wa namna hiyo, ni vyema kwenda ofisi ya NHIF ya mkoa na kuuliza vifurushi vinavyofika hospitali za kanda na taifa.

Kosa linalowagharimu wengi ni kuruka ngazi. Mtu anatoka Tungamalenga au Mapogoro, anapita kituo cha afya, anaenda moja kwa moja Iringa mjini kwa sababu anaamini huko kuna daktari mkubwa. Akifika dirishani bila karatasi ya rufaa, anaambiwa alipe taslimu. Anarudi nyumbani akisema bima ni utapeli, wakati kilichokosekana ni karatasi moja.

Dharura ni jambo jingine. Mtoto aliyepoteza fahamu, mama anayetoka damu, majeruhi wa pikipiki au aliyeng'atwa na nyoka apelekwe kituo cha karibu chenye uwezo, haraka, na habari za karatasi zishughulikiwe na ndugu wakati mgonjwa anahudumiwa.

Kwa vijiji vinavyopakana na Ruaha kuna jambo la kutenganisha. Fedha ya kifuta machozi, inayotolewa na Serikali mtu anapojeruhiwa au kuuawa na mnyamapori, si bima. Inafuata taarifa na uhakiki, na huja baadaye. Mtu aliyejeruhiwa na tembo akienda shambani anahitaji kutibiwa siku hiyohiyo. Kadi ndiyo ya siku hiyo.

Upande wa pili wa dirisha

Mzazi akiwa kwenye foleni humwona mhudumu anaandika sana na kuuliza maswali mengi: namba ya kadi, umri, kijiji, tatizo lilianza lini. Wengine hukasirika. Lakini kwa bima, kituo kinalipwa kutokana na kilichoandikwa. Mfuko haukuwapo mtoto alipopimwa malaria wala alipopewa dawa mseto. Unachokiona ni taarifa: nani kahudumiwa, alikutwa na nini, alipimwa nini, alipewa dawa gani na kiasi gani.

Namba ya kadi ikikosewa tarakimu moja, dai linaweza kukataliwa. Dawa ikiandikwa ambayo haiendani na ugonjwa ulioandikwa, dai linapunguzwa. Saini ikikosekana, dai linarudishwa. Kituo kinakuwa kimetumia dawa zake, kipimo chake na muda wa watu wake, na hakilipwi. Mwezi unaofuata kinakuwa na fedha pungufu ya kuagiza Bohari ya Dawa, na anayekuja na kadi anakuta rafu tupu. Karatasi iliyojazwa vibaya Machi ndiyo dawa inayokosekana Mei.

Kwa wahudumu wanaosoma ukurasa huu, mambo matatu yanaokoa fedha nyingi. Kwanza, hakiki kadi na uhai wake kwenye mfumo kabla ya mgonjwa kuingia kwa mganga, si baada ya dawa kutoka. Pili, madai yapitiwe na mtu wa pili kabla hayajatumwa, na yatumwe ndani ya muda. Tatu, kila dai lililokataliwa lisomwe sababu yake kwenye kikao cha watumishi, kwa kuwa kosa likishakuwa mazoea ya kituo hujirudia kila mwezi.

Na kwa wazazi, yapo mambo matatu pia. Njoo na kadi, au angalau namba yake iliyohifadhiwa kwenye simu. Taja jina la mtoto kama lilivyoandikwa kwenye kadi, kwa sababu mtoto anayeitwa Baraka nyumbani na Emmanuel kwenye kadi anamchelewesha kila mtu. La tatu ni kutoazima kadi. Shangazi akimpeleka mwanawe kwa jina la mtoto wako, huo ni udanganyifu dhidi ya mfuko, na kiafya ni hatari zaidi: historia ya ugonjwa wa mtoto mwingine inaingia kwenye jina la mwanao, na siku ya siku daktari atasoma kwamba ana mzio asiokuwa nao au alishapewa dawa ambayo hakuwahi kuimeza.

Uhusiano wa mfuko na hospitali ni mkataba, na mikataba huweza kutetereka. Machi 1, 2024, NHIF ilipoanza kutumia kitita chake kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake zikisema bei hizo hazitoshi. Wagonjwa waliokuwa na kadi halali walijikuta wakielekezwa kwingine. Funzo kwa familia ni dogo lakini la maana: kabla ya safari ya kwenda hospitali binafsi au ya taasisi ya dini, piga simu au tuma mtu aulize kama inapokea bima yako wiki hiyo.

Ukiambiwa dawa hakuna

Hili ndilo lililowatoa wengi kwenye CHF, na halimaliziki kwa kumwambia mzazi avumilie.

Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, zahanati zikiwamo, badala ya kukaa halmashauri. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kwa wananchi. Kamati hiyo inashiriki kupanga na kuidhinisha matumizi. Kwa maneno mengine, wapo majirani zako wanaojua ni kiasi gani kimeingia na kimeagiza nini.

Mzazi akikosa dawa, aanze kwa mganga mfawidhi, kwa upole, aulize ni lini dawa iliagizwa na lini inatarajiwa. Aandike tarehe. Asiporidhika, amtafute mjumbe wa kamati wa kijiji chake. Hatua inayofuata ni mkutano mkuu wa kijiji, ambako mwananchi yeyote ana haki ya kuuliza taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati. Baada ya hapo ipo ofisi ya mganga mkuu wa wilaya na mratibu wa CHF wa halmashauri. Kwa bima za kampuni binafsi, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA.

Swali linaloulizwa na wanachama mia mbili lina nguvu kuliko la mtu mmoja. Kijiji chenye kaya kumi zenye kadi hakina sauti mbele ya halmashauri, na zahanati yake haipati fedha ya kutosha kujaza rafu. Kijiji chenye kaya nyingi kinapata vyote viwili. Ni kama mfereji wa umwagiliaji: usiposafishwa na wote, maji hayamfikii aliye mwisho, hata kama yeye peke yake amesafisha kipande chake.

Kinachobadilika kwa sheria mpya

Novemba 2, 2023, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na Rais Samia Suluhu Hassan akaisaini kabla ya mwaka huo kumalizika. Sheria hiyo inaweka msingi wa kila mkazi kuwa na bima, na inaitambua kaya kuwa ya watu wasiozidi sita: mchangiaji, mwenza wake na wategemezi wengine. Inaweka pia njia ya kuwagharimia wasio na uwezo, ikitaja vyanzo kama ushuru wa vinywaji baridi, pombe na vipodozi.

Majirani zetu wako kwenye safari hiyohiyo. Kenya ilianza kutumia mfuko mpya wa bima ya afya ya jamii, SHIF, Oktoba 1, 2024, ambapo kila kaya huchangia asilimia 2.75 ya kipato. Rwanda imefanikiwa kuwaingiza watu wengi sana katika mfuko wa jamii, kwa kupanga michango kulingana na hali ya kila kaya na kwa viongozi wa ngazi ya chini kabisa kufuatilia nyumba kwa nyumba.

Kwa mzazi wa Idodi, mabadiliko haya yana maana mbili. Ya kwanza, viwango na vifurushi vinaweza kubadilika, hivyo usilipe kwa mazoea ya mwaka juzi. Uliza kwa mtendaji wa kijiji au ofisi ya NHIF ya mkoa kiwango kinachotumika siku unayolipa, na udai stakabadhi yenye namba ya malipo ya Serikali. Ya pili, kama kaya yako ni ya walengwa wa TASAF au unaamini huna uwezo kabisa, hakikisha jina lako linajulikana kwa ofisa ustawi wa jamii. Utambuzi wa wasio na uwezo huanzia kijijini, na anayenyamaza kwa aibu huachwa nje ya orodha.

Kijiji nacho kinaweza kuamua. Vijiji vilivyo katika jumuiya ya MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga, hupata mgawo wa mapato ya wanyamapori. Mkutano mkuu ukiamua, sehemu ya mgawo wa namna hiyo inaweza kuwalipia bima wazee na yatima. Madarasa na zahanati ni vya lazima, lakini jengo la zahanati ambalo bibi wa jirani anaogopa kuliingia kwa kukosa fedha limemsaidia nini?

Kikao cha mke na mume

Katika nyumba nyingi, anayeshika fedha ya mpunga ni baba na anayebeba mtoto kwenda zahanati ni mama. Baba hujua bei ya gunia, mama hujua bei ya kipimo na dawa. Wasipokaa pamoja, baba ataona bima ni matumizi ya ziada, kwa kuwa yale malipo madogomadogo ya mwaka mzima hayakupita mkononi mwake.

Wenzi wakae siku moja, kabla mnunuzi wa mpunga hajafika, wahesabu kwa kumbukumbu: mwaka huu tumekwenda zahanati mara ngapi, tumelipa nini, tumekopa kwa nani, tumeuza kuku wangapi au mpunga mbichi ungali shambani kwa bei ya kutupa ili kumtibu nani. Waandike kwenye daftari la mtoto. Jumla hiyo ndiyo iwekwe kando ya mchango wa bima. Familia ambayo mwaka wake ulikuwa mwema inaweza kukuta imelipa kidogo kuliko mchango, na hilo si hasara. Itakuwa imemchangia jirani, na mwakani jirani ataichangia.

Wanaoona vigumu kutoa kwa mkupuo waanze na kikundi. Kila wiki mwanachama aweke kidogo kwenye bahasha ya bima, tofauti na hisa na mfuko wa jamii, na kikundi kilipe kwa pamoja siku moja. Akiba haiozi, ila iliyochanganywa na fedha ya mboga huliwa.

Mambo ya kufanya wiki hii

Hesabu watu wa kaya yako na uandike umri wa kila mmoja. Weka alama kwa wenye msamaha.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize jina la mwandikishaji, kiwango cha sasa, huduma zilizomo na zisizokuwamo, na lini kadi inaanza kufanya kazi baada ya kulipa.

Kama ulikuwa na kadi, angalia tarehe yake ya mwisho. Kadi iliyokwisha Desemba haitamsaidia mtoto Januari.

Piga picha kadi zote, zihifadhi kwenye simu yako na ya mwenza wako, na utume nakala kwa mtoto aliye shule ya bweni kupitia mwalimu.

Mjue mjumbe wa kamati ya zahanati yako kwa jina na sura. Mwulize mkutano unaofuata ni lini.

Uliza hospitali unayoitegemea kama inapokea bima yako, na uanze kila matibabu ngazi ya chini ili upate rufaa.

Kisha lipa, wakati gunia bado lipo. Malori ya mpunga yakishaondoka, itabaki miezi mitano kabla ya mvua, na fedha iliyobaki ndani ya nyumba haikawii kupata kazi nyingine.